Kudhulumu na Kudhulumiwa: Uhakiki wa Dua za Aliyehukumiwa Visivyo

Wahenga walinena kuwa dua la kuku halimpati mwewe. Methali hii inajulikana popote Kiswahili kifundishwapo, na maana yake, kama tuifundishavyo, ni nyepesi: mnyonge akimwapiza mwenye nguvu, maapizo yake huishia hewani. Lakini lugha iyo hiyo iliyotupa methali hii imepokea pia fundisho lililo kinyume chake, litokalo katika hadithi za Kiislamu, kwamba dua ya aliyedhulumiwa ni ya kuogopwa, maana haina kizuizi baina yake na Mwenyezi Mungu. Semi hizi mbili huishi pamoja katika vinywa vya watu wale wale. Mwanafunzi akisimama darasani na kutuuliza ni upi kati yake ulio wa kweli, tutamjibu nini?

Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza dua chache ambazo Mwislamu huzikimbilia anapohisi kuwa hakueleweka, au amesingiziwa, au amehukumiwa pasipo haki. Hatuzichunguzi kama mashehe watoao fatuwa, kwani hiyo si kazi yetu. Wala hatumtaki msomaji asiye Mwislamu azipokee kama imani yake. Tunazichunguza kama walimu wa lugha na fasihi, tukiuliza maswali tunayouliza juu ya utungo wowote: msemaji ni nani, anamwambia nani, anaomba nini, na ni nini anachoacha kuomba. Dai letu ni moja. Dua hizi hazimwombei mdhulumiwa ulinzi wa upande mmoja tu. Kila anapoomba akingwe na hukumu mbaya ya wenziwe, huomba pia, kwa kutamka au kwa kudokeza, akingwe asije naye akawahukumu vibaya. Mwenye kuzisoma nusu huzigeuza kuwa silaha, na mwenye kuzifundisha nusu hufundisha kitu kingine kabisa.

Kuku na Mwewe

Tuanze na swali tulilolitanguliza. Mhakiki anapokabiliwa na semi mbili zinazopingana, hana budi kutazama kwanza kila mmoja unaambiwa nani. Methali ya kuku aghalabu huambiwa kuku. Huambiwa mnyonge anayenung'unika, ama kwa kumkejeli, ama kwa kumtanabahisha kuwa manung'uniko peke yake hayatoshi. Hadithi ya dua ya mdhulumiwa haikuambiwa mnyonge. Wapokezi wameeleza kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) aliisema alipokuwa akimtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen. Muadh alikuwa anakwenda kufundisha dini na kusimamia zaka, yaani alikuwa anakwenda akiwa na mamlaka juu ya mali za watu. Aliusiwa ajihadhari asichukue katika mali zao zile zilizo bora kabisa, na hapo ndipo alipoonywa juu ya dua ya mdhulumiwa. Kwa ufupi, methali humwambia kuku, bali hadithi humwambia mwewe.

Tofauti hii si ndogo. Hadithi haimwahidi mnyonge kwamba apizo lake litamwangusha adui kesho asubuhi. Humwambia mwenye nguvu kwamba yule asiye na wa kumsikiliza anasikilizwa. Semi hizi mbili zinapofundishwa bila kuangaliwa msikilizaji wake, zote mbili huharibika. Methali huwa ruhusa ya kuonea wanyonge, na hadithi huwa tishio mkononi mwa kila mwenye hasira. Zikiangaliwa pamoja na wasikilizaji wake, hazigongani hata kidogo: mnyonge ameambiwa asitegemee laana, na mwenye nguvu ameambiwa aiogope.

Dua ya Kutoka Nyumbani

Dua iliyo wazi kuliko zote katika jambo hili si ndefu, wala si ya siku ya msiba. Ni dua ya kila siku. Bi Umm Salama, mkewe Mtume, ameeleza kuwa Mtume alipotoka nyumbani mwake alikuwa akiinua macho yake mbinguni na kujikinga kwa Mungu na mambo manane yaliyopangwa wawili wawili. Alijikinga na kupotea na kupotezwa. Na kuteleza na kutelezeshwa. Na kudhulumu na kudhulumiwa. Na kufanya ujinga na kufanyiwa ujinga.

Mwalimu wa sarufi hawezi kuipita dua hii bila kusimama. Muundo wake wote ni mnyambuliko wa vitenzi. Kiarabu hupata maana ya kutendwa kwa kubadili irabu ndani ya neno lenyewe. Kiswahili huipata kwa kuongeza viambishi mwishoni mwa mzizi. Kwa hiyo katika Kiswahili jozi hizi husikika hata kwa asiyejua Kiarabu: neno la pili huanza kama la kwanza, kisha hurefuka. Katika jozi ya kwanza na ya pili twalazimika kupita katika kauli ya kutendesha kabla ya kufika katika kauli ya kutendwa. Mtu hupotea peke yake, lakini hapotezwi ila na mwingine. Huteleza peke yake, lakini hatelezeshwi ila kwa mkono wa mtu. Silabi ile iliyoongezeka imemwingiza mtu wa pili, na mtu huyo hakutajwa jina. Dua haimtaji adui. Inamwacha ndani ya kitenzi.

Jozi ya tatu ndiyo kiini cha maudhui yetu. Mwombaji anatoka nyumbani asubuhi, bado hajakutana na yeyote, wala hajasingiziwa na yeyote. Kama angekuwa anajiwazia nafsi yake tu, angeomba asidhulumiwe, basi. Lakini kudhulumu kumetangulia. Mpangilio huu hauna budi kutushughulisha, maana jozi zote nne zimepangwa hivyo: kosa langu kwanza, kosa nitakalotendewa baadaye. Mwombaji hujiona kwanza kama mtenda anayewezekana, kisha kama mtendwa anayewezekana. Anapovuka kizingiti anakubali kuwa siku hiyo anaweza kuwa mwewe kabla hajawa kuku.

Jozi ya nne ina siri yake. Neno ujinga hapa lisichukuliwe kwa maana nyepesi ya kutojua kusoma. Katika Kiarabu cha zamani neno linalotafsiriwa hivyo lilikuwa kinyume cha upole na ustahimilivu. Ndilo pupa, ukali, na kumkurupukia mtu kabla ya kumfahamu. Kufanyiwa ujinga, basi, ni kukurupukiwa, kuhukumiwa na mtu ambaye hakungoja kuelewa. Hapa Kiswahili kinatumia kauli ya kutendewa, na hivyo kitenzi kinatuonyesha kwamba ujinga wa mtu mmoja unaweza kumwangukia mwingine asiyehusika nao. Ikiwa mwanafunzi anataka kujua ni dua gani ya Kiislamu inayomhusu mtu asiyeeleweka, basi ni hii, na imeufunga mlango wa kujisifu: anayelalamika kuwa hakueleweka ameshakiri kuwa yeye pia anaweza kukosa kuelewa.

Fundo la Ulimi

Dua ya pili imo katika Kurani, katika Sura ya 20. Nabii Musa ametumwa kwa Firauni. Anaomba akunjuliwe kifua chake, asahilishiwe jambo lake, na afunguliwe fundo lililo katika ulimi wake ili watu wapate kuyafahamu maneno yake. Kisha anaomba apewe ndugu yake Haruni awe msaidizi. Katika Sura ya 26 tunamkuta akieleza hofu zake waziwazi zaidi: kwamba watamkadhibisha, kwamba kifua chake kinabanwa, kwamba ulimi wake haukunjuki, na kwamba wale anaokwenda kwao wana madai juu yake.

Tuangalie alichoacha kuomba. Musa anakwenda mbele ya msikilizaji mbaya kabisa. Angaliweza kuomba masikio ya Firauni yafunguke, na pengine sisi tungeliomba hivyo. Lakini kitu cha kwanza anachokiombea ni kifua chake mwenyewe, na baadaye ulimi wake mwenyewe. Kufahamika kwa maneno kunakuja mwisho, kama tunda la kazi iliyofanywa kwa msemaji. Wala haombi aonekane hana doa. Madai ya watu wa Firauni yana asili: katika Sura ya 28 tunasimuliwa jinsi alivyompiga mtu ngumi akafa, na jinsi alivyoomba msamaha kwa ajili ya tendo hilo. Basi huyu si mwombaji anayedai kuwa safi mbele ya wasingiziaji. Ni mtu aliyekosa jambo moja, anayeogopa kuhukumiwa kwa jambo hilo katika kila neno atakalosema.

Kwa upande wa lugha, dua hii inagusa msamiati wetu wenyewe. Kifua kubanwa, katika Kiarabu cha sura ile, kumetajwa kwa mzizi ule ule uliotuletea neno dhiki. Na kufahamu maneno kumetajwa kwa mzizi uliotuletea neno fikihi. Msomaji wa fasihi yetu atakumbuka mara moja kitabu cha Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, kilichochapishwa mwaka 1973, chenye mashairi aliyoyatunga akiwa gerezani nchini Kenya kati ya miaka ya 1969 na 1972, alikofungwa kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Jina la kitabu linapata uzito zaidi tukilisikia pamoja na dua ya Musa. Dhiki si shida ya tumbo au mfuko tu. Ni kubanwa kwa kifua cha mtu mwenye neno la kusema mbele ya mwenye nguvu asiyetaka kulisikia. Na sauti ndiyo jibu lake.

Subira ya Babake Yusufu

Kisa cha tatu ni kizito, nacho kinahitaji kusimuliwa kwa utaratibu. Katika msafara wa kurudi kutoka vita vya Banu Mustaliq, Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliachwa nyuma akitafuta mkufu wake uliopotea. Sahaba mmoja, Safwan bin Muattal, alimkuta, akampandisha juu ya ngamia wake na kumfikisha kwa wenziwe. Kutokana na hapo maneno yakazushwa, yakaenea Madina yote. Mwenyewe alikuwa mgonjwa, hana habari; alikuja kuyajua baadaye kutoka kwa mwanamke mmoja, mama yake Mistah. Karibu mwezi mzima ulipita pasipo wahyi.

Alipotakiwa kusema, Bibi Aisha aliieleza hali yake kwa uchungu ambao kila aliyewahi kusingiziwa ataujua: kwamba akisema hakutenda hawatamsadiki, na akikiri jambo asilolitenda watamsadiki. Kisha akasema kuwa hana mfano wa kuutoa isipokuwa wa babake Yusufu, na akayarejea maneno ya subira njema na ya kumtaka Mungu msaada. Riwaya mojawapo inaongeza kuwa alilitafuta jina la Yakubu asilikumbuke, ndiyo maana akamwita babake Yusufu.

Mhakiki wa fasihi ataona hapa jambo la thamani. Katika saa ya dhiki kuu, aliyesingiziwa hatungi dua mpya, bali huazima maneno ya mtu mwingine. Wala hayaazimi kwa Yusufu, ambaye naye alisingiziwa jambo linalofanana na lake. Anayaazima kwa Yakubu, mzee aliyeletewa kanzu yenye damu ya uongo. Yakubu hakuwa mshtakiwa. Alikuwa mtu aliyejua kuwa anadanganywa na hana la kufanya. Tena mzee huyo huyo, kwa mujibu wa Sura ya 12, wanawe walimwona amepotoka, na hata mwisho wa kisa, alipoihisi harufu ya Yusufu, aliambiwa kuwa bado yu katika upotovu wake wa zamani. Malalamiko yake aliyapeleka kwa Mungu tu. Mfano aliouchagua Bibi Aisha, basi, ni wa mtu ambaye kweli yake haina shahidi mwingine ila Mungu.

Lakini kisa hakiishii kwenye subira, na hapa ndipo wengi wetu tunapoacha kusoma. Sura ya 24 ilipoteremka na kumtakasa Bibi Aisha, haikuwageukia wazushi peke yao. Iliwalaumu pia waliosikia: mbona walipoyasikia maneno yale hawakudhaniana wema? Sheria ikawekwa kwamba mwenye kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi asilete mashahidi 4 apigwe viboko 80, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Ulinzi ulioombwa kwa subira ulikuja kwa sura ya kanuni ya mahakama.

Kisha ikaja aya nyingine. Mistah, aliyekuwa miongoni mwa waliouvumisha uzushi, alikuwa jamaa wa Sayyidna Abubakar, babake Bibi Aisha, naye alikuwa akimsaidia kwa sababu ya umaskini wake. Abubakar akaapa kuwa hatampa kitu tena. Nani angemlaumu? Binti yake alikuwa ametukanwa, na ukweli ulikuwa umekwisha dhihiri. Hata hivyo aya iliteremka ikiwataka wenye wasaa wasiape kuwanyima jamaa zao na maskini, bali wasamehe na waachilie mbali. Naye akaurudisha msaada wake. Hii ndiyo jozi ya kudhulumu na kudhulumiwa ikitembea katika maisha ya watu. Hatari ya pili haikungoja hata jeraha la kwanza likauke. Ilikuja siku ile ile ya ushindi, na ikamjia mwenye haki.

Maapizo Yenye Sharti

Msomaji ataweza kutuuliza: je, hakuna basi dua inayomrudishia msingiziaji uovu wake? Ipo, na hatuna haja ya kuificha. Saad bin Abi Waqqas alikuwa liwali wa Kufa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, aliyetawala mwaka 634 hadi 644. Watu wa Kufa walimshtaki, hata kwa namna anavyosalisha. Umar alimwuzulu, kisha akatuma watu wakaulize habari zake msikiti hadi msikiti. Kila mahali walimsifu, ila katika msikiti mmoja akasimama mtu akatoa mashtaka matatu: kwamba Saad haendi na jeshi, kwamba hagawi sawasawa, na kwamba hahukumu kwa haki. Saad akajibu kwa dua tatu. Aliomba kuwa, ikiwa mtu huyu ni mwongo na amesimama ili aonekane na asikike, basi Mungu amrefushie umri, amrefushie ufukara, na amtie katika fitina. Wapokezi wanasema mtu yule aliishi hadi nyusi zikamwangukia machoni, na alipoulizwa hali yake alijieleza kuwa ni mzee aliyepatwa na dua ya Saad.

Fani ya dua hii ni kali: matatu kwa matatu, kama mizani yenye sahani mbili. Lakini nguvu yake yote imefungwa katika neno dogo la sharti. Saad hasemi kuwa mtu yule ni mwongo. Anasema ikiwa ni mwongo. Hata anapoapiza hajifanyi hakimu wa moyo wa mwenziwe, bali anaipeleka kesi mbele ya hakimu anayejua. Tukiliondoa sharti, dua hubaki tusi tu. Tena tusisahau kuwa jina la Saad halikusafishwa kwa apizo hilo. Lilisafishwa na Umar mwenyewe, ambaye alipokuwa akifa alimweka Saad miongoni mwa watu 6 wa kumchagua khalifa atakayefuata, na akabainisha kuwa hakumwuzulu kwa udhaifu wala kwa hiana. Apizo lilimpata mshtaki. Haki ilitoka katika kinywa cha mwenye mamlaka.

Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa katika jamii zetu hofu ya dua ya kuapiza ni kubwa. Pwani ya Kenya na Tanzania kuna watu ambao, wakiibiwa au wakisingiziwa, husoma Halbadiri, kisomo kinachowataja waliopigana vita vya Badri mwaka 624, na tangazo lake peke yake hutosha kumfanya mwizi arudishe mali usiku. Wanazuoni wametofautiana juu ya kisomo hicho, na hatuingii katika hitilafu yao. Tunachotaka kusema kama wasomaji ni kwamba apizo lisilo na sharti, linalowaangukia wote wanaoshukiwa, lina upungufu ambao dua ya Saad haikuwa nao: mwenye kulisoma amekwisha hukumu kabla ya kumwomba hakimu.

Je, Dua Ni Kujikunyata?

Kuna wahakiki waliodai kuwa fasihi ya dua humlegeza mnyonge, ikamfundisha kungoja mbinguni haki anayostahili kuidai duniani. Hoja hii haifai kupuuzwa. Ni kweli kuwa neno subira limetumiwa mara nyingi na wale wasiohitaji kusubiri. Mwajiri humwambia kibarua asubiri, mume mkali humwambia mkewe asubiri, na mwenye cheo humwambia raia asubiri. Ikiwa hiyo ndiyo subira, basi wahakiki hao wana haki ya kuipinga.

Lakini dua tulizozichunguza hazikubali kusomwa hivyo, na ushahidi ulio wazi kabisa ni Yusufu mwenyewe, ambaye kisa chake washairi wa Kiswahili wamekitungia utenzi. Aliposhawishiwa aliomba, na katika dua yake akasema gereza analipenda kuliko analoitiwa. Akafungwa pasipo hatia, akakaa miaka. Kisha mfalme akaagiza atolewe. Mtu aliyezoea kujikunyata angetoka mbio na kushukuru. Yusufu hakutoka. Alimrudisha mjumbe kwa mfalme, akataka kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alikataa msamaha ambao ungemwacha na jina la mkosaji, alitaka uchunguzi. Ukafanyika, na mke wa mheshimiwa akakiri. Ni baada ya hapo tu ndipo alipotoka, na baadaye sana, ndugu zake waliomtupa kisimani waliposimama mbele yake naye akiwa na uwezo wote juu yao, akawaambia kuwa siku hiyo hawana lawama.

Dua, uchunguzi, na msamaha: mambo haya matatu yamefuatana, na hakuna moja lililofuta jingine. Aliyeomba hakuacha kudai. Aliyedai hakuacha kusamehe. Aliyesamehe hakusamehe kabla ya ukweli kujulikana. Katika shairi la "Siwati" la Abdilatif Abdalla tunakuta msemaji asiyekubali kuuacha msimamo wake kwa kuwa ameadhibiwa. Hatuoni kuwa msemaji wa namna hiyo ni mgeni katika nyumba ya dua. Tunaona kuwa ameketi jirani na Yusufu aliyemrudisha mjumbe.

Darasani

Yote haya yatufaa nini sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi za bara, ambako wanafunzi wengi si Waislamu na pwani ni mbali? Yanatufaa kwanza kwa sababu maneno ni yetu. Haki, hukumu, dhuluma, shahidi, subira, dhiki na fahamu yalitujia kutoka Kiarabu, mengi kwa njia ya elimu ya Kiislamu, yakasafiri na misafara hadi Ujiji, Nyangwe na Kasongo, na leo hutumiwa na kila mtu bila kuulizwa dini yake. Mwanafunzi anayeandika neno dhuluma katika insha ana haki ya kujua kuwa neno hilo lina pande mbili, na kwamba watu waliolitumia katika dua zao walitaja ule wa mtenda kabla ya ule wa mtendwa.

Yanatufaa pili katika somo la sarufi. Badala ya kuwapa wanafunzi orodha kavu za kupiga na kupigwa, tuwape jozi hizi nne na kuwauliza: nani amefichwa katika kitenzi cha pili? Kwa nini kupotea hakuwezi kuwa kupotezwa bila kupita kwenye kupoteza? Kwa nini ujinga umehitaji kauli ya kutendewa? Maswali haya yatawaonyesha kuwa kauli za vitenzi si hila za mtihani, bali ni namna ya kuuliza nani amemfanyia nani nini.

Yanatufaa tatu, na hili ndilo zito, kwa sababu mwalimu ni hakimu wa kila siku. Twasahihisha, twatoa alama, twaamua nani amenakili na nani amenakiliwa. Na katika nchi zetu twahukumu jambo jingine tena: ulimi. Mtoto wa Bukavu, wa Lubumbashi, wa Bujumbura au wa Kampala anapofungua kinywa, Kiswahili cha nyumbani kwao hutangulia, na mara ngapi hukurupukiwa kabla ya kusikilizwa! Huambiwa hajui lugha, hali lugha anaijua. Asichokijua bado ni namna moja ya kuisema. Kusahihisha ni wajibu wetu, hatuukatai. Lakini kumsahihisha mtu ni baada ya kumfahamu, na kumkurupukia ni ule ujinga wa jozi ya nne. Hata sisi wenyewe tumekwisha onja upande wa pili wa kitenzi hicho, pale Kiswahili chetu kinapopimwa na watu wa kwingine kwa neno moja tu walilolisikia. Tuliofanyiwa hatuna udhuru wa kufanya.

Basi tukirudi kwa yule mwanafunzi na swali lake juu ya kuku na mwewe, jibu letu ni kumtaka aeleze kwanza yeye leo ni yupi kati ya hao wawili. Akisema ni kuku, tumfundishe dua ya Musa, naye ajifunze kukifungua kifua na kuunyosha ulimi, kisha adai haki yake kama Yusufu alivyoidai. Akisema ni mwewe, tumsomee wosia aliopewa Muadh. Na akisema hajui, tumpe dua ya kutoka nyumbani, maana iliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajakutana na siku yake.